Chupa Tatu za Bisibisi

Mama alipiga simu saa mbili na robo asubuhi, Bisibisi akiwa kwenye foleni ya kliniki, mtu wa kumi na moja kutoka dirishani. Habari aliyokuwa nayo aliitoa kwa sauti ya mtu anayemshitaki mwingine.

"Nimejifungia funguo."

"Umejifungia ndani?"

"Ningekuwa ndani ningemwita jirani, ana mabavu yule. Nimezifungia funguo. Zote kumi na nne. Nilizitia sandukuni zisipotee, nikashusha kifuniko, kitasa kikajibana chenyewe. Na ufunguo wa sanduku uko huko huko ndani na wenzake, wanapiga soga."

Bisibisi alicheka, kisha akaacha, maana mama hakuwa amecheka.

Ni mtu wa miaka arobaini na moja, mwembamba hata shati likimkaa huonekana limetundikwa. Kazi yake ni kuchonga funguo na kufungua vilivyokataa kufunguka. Kibanda chake kiko kati ya fundi viatu na muuza miwani, na upana wake ni wa kabati la nguo lililong'olewa milango. Jina la Bisibisi alipewa kwa ajili ya kazi, au kwa ajili ya umbo, kila mtu ana lake la kusema. Lile alilopewa na baba yake limebaki kwenye kadi ya kliniki tu.

Kliniki hiyo ndiyo yenye dirisha. Kila asubuhi, Jumapili ikiwemo, yeye na wenzake hupanga foleni pale kunywa methadoni, dawa ya maji inayokaa mahali pa unga na kumkinga mtu na arosto, ile homa ya mifupa inayomrudisha teja kwa muuzaji hata kama ameapa kwa jina la mama yake. Bisibisi aliapa kwa jina la mama yake mara nyingi. Mara ya mwisho, miaka tisa iliyopita, aliapa asubuhi, na jioni akaondoka na redio, na kichwa cha cherehani, na sufuria ikiwa bado ya moto. Alipotokomea, mama alinunua makufuli: la kabati la vyombo, la kabati la nguo, la friji, la pipa la maji, la banda la kuku, na mengine ya vitu ambavyo hata mwizi mwenye shida asingevigusa. Tangu hapo mwana hakulala tena chini ya paa lile. Walizungumza kwa simu tu, habari za mvua na za magoti.

"Mama, mafundi wamejaa huko kwenu," alisema sasa.

"Wamejaa. Nimwingize mwanamume nisiyemjua aone nilicho nacho? Wewe tayari unakijua. Nusu yake uliuza mwenyewe."

Alilisema hilo bila uchungu, kama mtu anayesoma sifa za mwombaji kazi.

"Tangu juzi napikia sufuria ya jirani," aliendelea. "Nanywea kikombe chake. Na gauni hili nililovaa, usiniulize la nani. Utakuja?"

Miaka tisa Bisibisi alikuwa akingoja mwaliko. Ulikuja umevaa nguo za malalamiko, lakini ulikuwa mwaliko. Tatizo ni njia. Kwa mama ni safari ya kutwa nzima. Ukiweka na siku mbili za kazi na siku ya kurudi, ni asubuhi tatu mbali na dirisha, na asubuhi moja tu bila dawa inatosha kumlaza mtu anatetemeka kando ya barabara, au kumtia katika mikono ya wale wanaouza dawa nyingine. Kwa miaka miwili na miezi minne hakuwa amekosa hata siku moja. Kwa hiyo pia, kwa miaka miwili na miezi minne, hakuwa amelala popote ila chumbani kwake.

Kulikuwa na njia moja. Mgonjwa aliyetulia huweza kupewa chupa za kwenda nazo, dozi ya siku moja kila chupa. Alihitaji tatu.

"Nakuja, mama," alisema, kabla hajajua atakwendaje.

Mtu wa tisa kwenye foleni alikuwa amekwisha kugeuka. Huyo waliita Wakili, kwa sababu alikuwa amesoma kila karatasi iliyobandikwa ukutani pale kliniki, hata maelezo ya mtungi wa kuzimia moto, na aliwafafanulia wenzake bure. Kesi hakuwahi kushinda, lakini alizungumza kama mshindi.

"Utahojiwa," alisema. "Kuna karatasi ya hali ya maisha. Wanauliza umeridhika kiasi gani, moja mpaka tano. Ukisema moja, watasema huyu mgonjwa sana, apewe chupa azipeleke wapi? Ukisema tano, watasema amepona, apunguziwe dozi. Wewe jibu tatu."

"Kila swali?"

"Kila swali. Nionyeshe mtu mmoja aliyewahi kufukuzwa kwa tatu."

Bisibisi alisogea na foleni akirudia kimoyomoyo, tatu, tatu.

Dirishani kuna desturi. Ukishakunywa lazima useme neno, ili nesi ajue dawa imeshuka kooni na haijafichwa shavuni. Wengine husema "asante," wengine hutaja hali ya hewa. Bisibisi alikunywa, akapangusa mdomo, akasema, "Sista, nataka chupa tatu."

Nesi alikuwa mama wa makamo, mpana, mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo shingoni. "Ndiyo maana jana uliniambia nimependeza."

"Jana ulipendeza kweli."

"Nenda kwa mshauri. Akikupitisha, urudi tuonane."

Mshauri alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye subira ya mwalimu wa chekechea na kalamu iliyotafunwa kichwa. Alifungua faili.

"Wiki mbili zilizopita, umeridhika kiasi gani na usingizi wako?"

"Tatu."

"Na nguvu za kufanya kazi zako?"

"Tatu."

"Na ndugu zako, mnavyoishi?"

"Tatu."

"Na maisha yako ya unyumba?"

Bisibisi alifikiri kidogo, kwa heshima ya swali. Chumbani kwake mlikuwa na kitanda, ndoo na jiko. "Tatu."

"Kaka, una mke?"

"Sina."

"Mchumba?"

"Hapana."

"Sasa hiyo tatu ni ya nani?"

"Ni yangu mwenyewe, dada. Sijamwibia mtu."

Mshauri hakucheka, au alicheka kwa ndani tu. Alivuta droo, akatoa bunda la karatasi nene kama mkate, akalitua mezani. "Watu hamsini na mbili. Usingizi, tatu. Hamu ya kula, tatu. Unyumba, tatu, pamoja na yule babu aliyefiwa na mkewe zamani. Mkubwa wangu ameniuliza kama nawahoji watu au nahoji viti. Nani amewafundisha?"

Nje ya dirisha la chumba hicho kilionekana kisogo cha Wakili, kimetulia mno kwa kisogo cha mtu anayepita njia.

"Imetokea tu," alisema Bisibisi.

"Imetokea. Basi kwa karatasi hii siwezi kuandika kwamba umetulia. Sina mgonjwa mbele yangu, nina wastani." Aliweka kalamu chini. "Achana na namba. Nisimulie jana. Tangu ulipoamka."

Hakuwahi kuulizwa hivyo. Kuhusu siku zake mbaya alikuwa ameulizwa na polisi, na madaktari, na shangazi watatu; kuhusu Jumanne ya kawaida, na mtu yeyote, kamwe. Alianza polepole.

Jana aliamka shati limelowa jasho, maana dawa hii hutoa jasho kama la kuazima. Chooni alikaa muda mrefu na akatoka kama alivyoingia. Na hilo nalo ni la dawa, dada aliandike, ni siku ya nne. Alikunywa, akaenda kazini. Alichonga funguo kumi na moja. Mchana usingizi ulimkuta mashine ikizunguka, ufunguo wa kumi ukatoka na meno ya mamba, fundi viatu akauchukua, akasema atausukia kamba auvae. Walicheka mpaka muuza miwani akaja kuuliza kuna nini. Kisha akaja mwalimu mmoja aliyejifungia nje ya nyumba yake. Alimfungulia. Mwalimu alitembea nyuma yake tangu kibandani hadi mlangoni amekumbatia mkoba, na mlango ulipofunguka akasimama katikati yake na sebule, macho yakihesabu mito ya kochi. Kisha akamwuliza, "Nikipotelewa tena nikupate wapi?" Hilo swali Bisibisi alirudi nalo njia nzima, asijue ni la sifa au la tuhuma. Alikula sahani ikaisha. Jioni ndiyo ngumu. Unga ulikuwa kazi isiyo na likizo: kuusaka, kuutafutia, kuukimbilia. Sasa saa kumi na mbili inafika, mtu anabaki na mikono miwili na hajui aiweke wapi.

"Na kesho yake je?" aliuliza mshauri.

"Kesho yake ni leo, niko hapa. Mimi, dada, nina kamba ya mbuzi. Nyasi nakula, kivuli ninacho, sikatai. Lakini urefu wake ni asubuhi hadi asubuhi, na mama yuko nje ya kamba."

Akamweleza habari za sanduku. Hapo binti alicheka waziwazi, akashika kalamu.

"Usingizi nakuandikia mbili. Kazi nne. Choo nitamwambia daktari. Unyumba naacha wazi. Ndugu," akasita, "ndugu nakuandikia moja."

"Hiyo iandike kwa penseli," alisema Bisibisi.

Saa sita foleni ilikuwa imekwisha. Mshauri alimpeleka ndani, nyuma ya dirisha, ambako hakuwahi kufika: meza, sinki, na kabati la chuma lililobeba dawa yote ya kliniki. Nesi alisoma karatasi hadi mwisho, akashusha miwani.

"Binti kakupitisha. Mimi nina sheria mbili. Ya kwanza, chupa zinakaa kwenye sanduku lenye kufuli. Na hapo ndipo unaponitia kichaa. Chupa moja ni dawa. Tatu kwa mpigo ni jeneza. Kufuli ni la kumpa mtu nafasi ya kufikiri mara ya pili. Sasa kukupa wewe sanduku la kufuli si kumpa fisi bucha alinde?" Alichukua kufuli dogo lililokuwa mezani. "Hili, kwa mfano. Muda gani?"

Bisibisi alilitazama bila kuligusa. "Sekunde kumi."

"Na lile?" Alielekeza kidole gumba nyuma yake, kwenye kabati la chuma.

Mtu mwenye busara angesema hajui. Lakini ukimwuliza fundi habari za kazi yake, ulimi hutangulia.

"Lile sita."

Mshauri alikumbatia faili. Nesi alivua miwani kabisa, ikaning'inia kifuani.

"Sita nini?"

"Sekunde, sista. Limechakaa. Ukiliomba kwa adabu linajifungua."

"Umelijua hilo tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Kinyozi huangalia vichwa, fundi viatu huangalia miguu. Macho yangu yalifika pale kabla sijakusalimia."

"Na miaka yote hii hukusema."

"Ningesemaje? Kwamba nimelikagua kabati lenu la dawa nikaliona bovu? Mngeniitia polisi kabla sijameza."

Nesi aligeuka, akalitazama kabati. Akamtazama Bisibisi. Akalitazama kabati tena. Alikuwapo pale miezi ile ya mwanzo, dozi ilipokuwa bado haijamtosha Bisibisi. Kadi zake alizijaza yeye.

"Kuna asubuhi ulikuja unatetemeka mpaka kikombe kikagonga meno," alisema.

"Naikumbuka."

"Hatua mbili kutoka kabatini."

"Nilikuwa wa thelathini na nne kwenye foleni siku hiyo," alisema Bisibisi. "Mbele yangu alikuwa Wakili, ananisomea sheria za kutema mate."

Nesi alivaa miwani na kutafuta kitu mezani ambacho hakikuwepo. Kisha akaitoa sauti ya kazi. "Kesho uje na kufuli la maana. Ulitie mwenyewe kwenye kabati hilo, funguo nishike mimi, na ukishamaliza usilitazame tena."

"Macho siwezi kuyaapia, sista."

"Basi utakunywa umegeukia barabara."

Sheria ya pili ilikuwa kwamba chupa zishikwe na mtu mwingine, anayeaminika, atakayezitoa moja moja kila asubuhi. Nesi alipiga namba ya mama, simu ikawekwa sauti ya juu.

"Shikamoo, mama. Mimi ni nesi wa kliniki ya mwanao."

"Marahaba. Ameiba nini?"

"Hajaiba kitu, mama."

"Hesabuni tena," alisema mama.

Nesi alieleza kwa utaratibu: chupa tatu, sanduku dogo, moja kila asubuhi, asiguse yeye. Je, mama anakubali kuzishika, na ana pahali pa kuzifungia?

"Pahali ninapo kumi na nne," alisema mama. "Hapafunguki hata pahali pamoja. Huyo mnayemzuia ndiye tunayemngoja apafungue."

"Sasa utaziweka wapi?"

"Nitazikalia."

"Na usiku?"

"Nitazilalia. Nimelalia pochi yangu miaka sita kwa ajili yake, mgongo umezoea."

Mshauri alikuwa amegeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Nesi alishika kalamu, akatafuta kwenye fomu mstari wa mahali pa kuhifadhia, akaandika: chini ya mama. Akagonga muhuri.

Jumatatu Bisibisi alikunywa amegeukia barabara, akapanda gari, akafika jioni. Mama alikuwa mlangoni ndani ya gauni la jirani, kubwa mara mbili. Hakumkumbatia. Alinyoosha mkono, akapokea kisanduku, akakitikisa sikioni akasikia chupa zikigongana, akakiweka kitini chini ya mto, akakalia. Baada ya hapo ndipo aliposema, "Karibu. Vua viatu."

Asubuhi alimpa chupa ya kwanza, akasimama juu yake mikono kiunoni mpaka ikaisha. Kisha wakaingia chumbani kwenye sanduku.

Lilikuwa sanduku la bati lenye maua yaliyobabuka. Bisibisi alipiga magoti. Kitasa kile kilimhitaji sekunde nne. Alitoa zana zake, akazipanga kwenye kitambaa moja moja, akachungulia, akagonga kwa kucha, akatia sikio, akavuta pumzi kama daktari. Alichukua dakika ishirini. Kufungua sanduku la mama yako kwa sekunde nne, tena yeye anatazama, ni utovu wa adabu.

"Umezeeka," alisema mama kutoka kitini. Alikuwa amekihamishia pale mlangoni, mto na vyote. "Zamani hukuchukua muda hivi."

"Zamani nilikuwa na haraka."

Mama alijikuna goti muda mrefu kuliko lilivyowasha.

Kifuniko kilipoinuka, shada la funguo lilikuwa juu, limelala kwenye shuka. Mama alilichukua, akazunguka nyumba nzima: kabati la vyombo, kabati la nguo, friji, pipa, banda. Alifungua kila kimoja, akachungulia, akaridhika, akakifunga tena. Bisibisi alimfuata akitia mafuta makufuli yaliyoshika kutu. La mwisho lilipobana alisema, kwa upole, kwamba alidhani sasa baadhi yangepumzika.

"Usijipe cheo," alisema mama. "Hayakuwa yako peke yako. Jirani naye ana mkono."

Jirani huyo alikuja mchana kuchukua sufuria yake na gauni lake, akakuta Bisibisi yuko chini ya mlango wa nyuma akinyoosha bawaba. Alimtazama kwa jicho la miaka tisa iliyopita. Mama akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Huyo ni fundi. Ametoka mjini kwa ajili yangu. Kama una kitu kinakwama lete, lakini mimi kwanza." Jioni jirani alileta kufuli la geti, amelishika kwa ncha za vidole kama panya. Jumatano walikuja saba. Miongoni mwao alikuwamo mtu aliyewahi kumfukuza Bisibisi kwa fimbo mpaka darajani. Alileta kitasa cha duka lake na akabaki pale pale kukitazama, kwa usalama, ila akakaa kwenye kigoda alichopewa, na alipochoka kutazama akaanza kusimulia habari za mgongo wake.

Saa kumi alasiri mama alihesabu vilivyobaki: vitasa vinne, cherehani ya mtu, na mlango wa banda la kuku ambao haujaguswa. Akahesabu chupa: moja, ya kesho, ya njiani. Akaingia chumbani, akafunga mlango, akapiga simu. Bisibisi, aliyekuwa amelala chali chini ya cherehani, alisikia kila neno, kwa sababu mama kwenye simu hupaza sauti kulingana na umbali.

"Hizi chupa zenu ni chache."

Upande wa pili nesi alisema jambo kuhusu sheria.

"Sheria naijua. Sijamwonjesha hata kidogo zaidi. Nimezilalia, mbavu zina alama, nitakuonyesha ukija. Nasema kazi haijaisha. Mtu unampaje fundi siku mbili?"

Nesi alisema jambo jingine, refu, lenye neno Ijumaa ndani yake mara mbili.

"Atafika. Nitampandisha gari la alfajiri mimi mwenyewe." Kisha sauti ilishuka, na Bisibisi ikabidi ainue kichwa, akajigonga kwenye chuma cha cherehani. "Lakini mwezi ujao mpe tano. Kuku wangu hawalali."

Alikata simu kabla hajajibiwa, akatoka, akamkuta mwanawe ameshika paji la uso.

"Inuka hapo," alisema. "Mwenye kitasa cha bluu ameanza kulalamika."